TFA Arusha, ile ambayo wote bado tunaiita Shoprite

Fanya jaribio dogo siku ukifika Arusha. Panda bajaji, mwambie dereva nipeleke TFA. Wapo watakaowasha na kuondoka, ila wengi watakugeukia wakuulize, "TFA pale Shoprite?" Mwambie ndio, hapohapo. Sasa kaa ufikirie. Shoprite, ile supamaketi ya Afrika Kusini, waliuza maduka yao yote ya Tanzania mwaka 2014 wakaenda zao, kampuni iliyonunua nayo ikafa, mtoto aliyezaliwa mwaka ule saizi anajua kusoma, kuandika na kudai simu, lakini mji mzima bado tunashukia Shoprite, tunakutana Shoprite, tunaelekezana ukifika Shoprite vuka barabara. Niliwahi kumwambia mgeni wangu kutoka Mwanza anisubiri Shoprite, jamaa akazunguka nusu saa anatafuta bango, akanipigia amekasirika, kumbe alikuwa amesimama katikati ya Shoprite yenyewe.

Basi nimeona niandike rivyu ya hii mall maana watu wananiuliza kama bado kuna haja ya kwenda au ni stori tu za wahenga wa Arachuga. Mimi nimekulia Ngarenaro, pale kwetu ilikuwa pua na mdomo, kwa hiyo upendeleo upo na siufichi.

Kwanza tuelewane kwenye hilo neno mall. Kama umezoea Mlimani City ya Dar na korido zake, ukija TFA utauliza hii nayo? Ni maduka na paking, basi. Jua likiwaka linakuwakia, mvua ya Aprili inakunyeshea kuanzia mlango wa gari mpaka mlango wa duka. Na hilo jina TFA ni Tanganyika Farmers Association, chama cha wakulima cha tangu enzi za mkoloni, watu wa mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Yaani angalia mpangilio ulivyokaa, jina la chama cha wakulima liko getini, mpangaji mkubwa ndani alikuwa kampuni ya Afrika Kusini inauza maepo yaliyosafiri kutoka kwao, halafu ukitoka nje unatembea dakika chache uko soko la Kilombero ambako mama anakupimia nyanya za Ngarenanyuki kwa sado na anakuongezea mbili juu ukimwamkia vizuri. Mtu angeniambia zamani kwamba kati ya hawa wawili atakayekuja kuondoka ni yule mwenye kiyoyozi ningemcheka.

Baba yangu alikuwa dereva wa watalii, siku hizi wanaitwa dereva guide. Ukiijua ramani ya mji utaelewa kwa nini TFA ilishamiri. Sokoine Road inakupitisha katikati ya mji halafu inakutoa magharibi kuelekea barabara ya Dodoma, na hiyo ndio njia ya Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, Ngorongoro, mpaka Serengeti. Kwa hiyo pale palikuwa ndio mlango wa safari, ukipapita umeaga mji. Saa moja na nusu asubuhi paking ilikuwa imejaa Land Cruiser na zile Land Rover za zamani, watalii wanashuka na kofia mpya ambazo bado zina mkunjo wa begi, wanaingia kununua maji, biskuti, betri, mafuta ya kupaka jua lisiwachome, na madereva wamesimama pembeni wanapeana habari, barabara ya Ndutu imeharibika, nani kanasa kwenye tope, simba wameonekana wapi. Kama ulikuwa unataka kujua msimu umekuwaje hukuhitaji takwimu za wizara, ulikuwa unahesabu magari pale paking tu.

Likizo baba akinipitisha pale, nilikuwa naingia naye mpaka ndani halafu ananikabidhi kwa konda wa kifodi anirudishe nyumbani. Ninachokumbuka kwanza ni baridi, sijawahi kusikia baridi ndani ya duka, nilifikiri wamesahau kuzima kitu. Cha pili ni harufu ya mikate na kuku wa kuchoma. Cha tatu maepo. Epo moja moja lilikuwa na kastika kadogo, na ile stika haitupwi, unaibandua polepole kwa kucha isichanike, unaibandika kwenye kava la daftari la hesabu, Jumatatu darasa zima linajua wikiendi ulikuwa wapi. Kuna jamaa yetu mmoja alikuwa na stika nyingi kuliko mtu yeyote, tukaja kugundua dada yake anafanya usafi nyumbani kwa mzungu kule Njiro na maepo yalikuwa yanaliwa na watu wengine kabisa.

Mama alikwenda mara ya kwanza baada ya miezi mingi ya kukataa. Alivaa kitenge cha kanisani. Akapewa toroli akaikataa, akasema hivi na hii wanalipisha kiasi gani, tukamwambia ni bure, akasema hakuna cha bure kwenye duka lenye taa nyingi hivi. Akabeba kwa mkono sukari kilo moja, sabuni ya mche na kopo la maziwa ya unga, akapanga foleni nyuma ya mzungu aliyejaza toroli mpaka juu, na yule mzungu akampisha atangulie kwa vile ana vitu vitatu. Stori hiyo ilisimuliwa mtaani kwetu wiki nzima. Ile risiti aliisoma mstari kwa mstari, hapohapo kwa keshia, watu nyuma wanasubiri, halafu akaikunja akaiweka kwenye pochi. Na ule mfuko wa rambo wa njano akaukunja pembe nne kama shuka. Huo mfuko nitaurudia.

Sasa mteja mkubwa wa kipindi kile wengine wanamsahau. Arusha palikuwa na ile mahakama ya Rwanda, ICTR, Umoja wa Mataifa waliianzisha mwishoni mwa 1994 na ikawa inakaa pale kwenye jengo la mikutano la AICC. Majaji, mawakili, wakalimani, watu wa usalama, makarani, kutoka dunia nzima, wanalipwa dola, wana watoto wanaotaka nafaka za asubuhi zenye picha ya katuni. Nyumba za Njiro zilipangishwa kwa dola kwa sababu yao, mayaya walilipwa vizuri kwa sababu yao, na Jumamosi pale Shoprite ilikuwa ni wao na gari zao nyeupe. Mji wa ukubwa wa Arusha kwa hela za wenyeji tu usingebeba duka la aina ile miaka yote hiyo, huo ni mtazamo wangu na nausimamia. Palisimama kwa miguu miwili, mtalii na mtu wa UN, na sisi wengine tulikuwa tunaenda kuangalia, kununua mkate mmoja na kupiga picha na rafiki.

2014 ikaja habari kwamba Shoprite wameuza matawi yao matatu, mawili ya Dar na hili letu, kwa Nakumatt wa Kenya. Kwa watu wa kaskazini Nakumatt hakuwa mgeni, Moshi alishafungua, na mtu yeyote aliyewahi kuvuka Namanga kwenda Nairobi alimjua yule tembo wa kwenye nembo yao. Binafsi nilifurahi. Jamaa walikuwa na historia tamu, walianza Nakuru na duka la magodoro, Nakuru Mattresses, ndiko lilikotoka hilo jina, wakapanda mpaka kuwa na matawi kama sitini kwenye nchi nne, Kenya, Uganda, Rwanda na sisi. Nikasema hawa ni majirani, wanajua tunakula nini, hawatatuletea maharage ya kopo. Na kweli bidhaa zikabadilika, majani ya chai ya Kenya, unga wa Kenya, baba akawa ananitania kwamba sasa hahitaji tena kwenda Nairobi kununua blanketi, Nairobi imehamia Sokoine Road.

Sijui kama ni mkosi au hesabu. Desemba 2015 mahakama ya Rwanda ikafunga kazi. Kilichobaki ni kile chombo cha kumalizia kesi, nacho kikahamia majengo yake mapya kule Lakilaki, na watu wake ni wachache. Mguu mmoja ukakatika. Julai 2016 serikali ikaweka VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii, kampuni nyingi zilikuwa zimeshauza safari kwa bei ya zamani, baba alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Halafu kile kipindi chote tunakijua, ndio tukajifunza msemo wa vyuma vimekaza, mfukoni hakuna kitu, semina za hotelini zimepungua, posho zimepungua, mtu aliyekuwa ananunua jibini anarudi kwenye Blue Band na wa Blue Band anarudi kula mkate mkavu na chai ya rangi.

Ila nisidanganye, kilichomuua Nakumatt si Arusha. Ule ugonjwa ulianzia kwao na ulikuwa wa nchi zote nne. Biashara ya supamaketi kwa nje inaonekana ni kununua na kuuza, kwa ndani ni mkopo. Mwenye kiwanda cha maziwa anakuletea mzigo leo, unamlipa baada ya miezi miwili mitatu, wakati maziwa yenyewe umeshauza kwa kesh siku mbili za kwanza. Hiyo hela ya katikati ni tamu sana, unaitumia kufungua tawi jingine, na tawi jingine linakuletea wasambazaji wengine wa kuwakopa, ukifika tawi la sitini unakimbia ili usianguke. Siku wasambazaji wakishtuka wakasema tunataka chetu kwanza ndio tulete mzigo, rafu zinaanza kuonyesha mbao. Mwaka 2017 hilo lilionekana kwenye matawi yake Kenya na Uganda, bidhaa moja inapangwa mstari mmoja mbele, maji, tishu, maji, tishu, na nyuma yake patupu. Mteja akikuta hivyo mara mbili harudi mara ya tatu, mauzo yanashuka, kodi ya pango hailipwi, mwenye jengo anakuja na kufuli. Januari 2018 mahakama ya Kenya ikaiweka kampuni chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wenyewe wakapiga kura ifungwe moja kwa moja. Matawi sita ya mwisho yakanunuliwa na Naivas, supamaketi nyingine ya Kenya. Tembo akawa ameisha, na huku kwetu alishatoweka kabla.

Na sasa nizungumzie watu ambao magazeti hayakuwaandika, wenye fremu. Watu wanadhani supamaketi ikifungwa kwenye mall ni duka moja limefungwa. Hapana. Kwenye biashara hizi mpangaji mkubwa ndiye anayebembelezwa, kwa kawaida analipa kodi ndogo kwa mita kuliko wewe mwenye kafremu kako, kwa sababu yeye ndiye anayevuta watu. Wewe wa kuuza miwani, wa kusafisha picha, wa saluni, wa kuuza kadi za simu, unalipa kubwa kwa kutegemea miguu ya watu wake, yaani unanunua kivuli cha mti wa mwenzio. Mti ukianguka kodi yako haishuki. Nilikuwa na dada mmoja tunafahamiana, si pale TFA, ni kwenye senta nyingine ambayo naiacha jina, alikuwa anauza nguo za watoto jirani kabisa na mlango wa supamaketi. Supamaketi ilipofunga akaniambia siku ya kwanza aliuza soksi jozi moja. Siku ya pili akamuuzia mlinzi. Alikaa miezi mitano anasubiri mpangaji mpya mkubwa maana mwenye jengo anamwambia anakuja, anakuja, tayari tunazungumza naye, mpaka akiba ikaisha, akahamisha mzigo wote sebuleni kwake na sasa anauza kwa WhatsApp. Anasema angehama mwezi wa kwanza angekuwa na gari.

Ukitaka kujua kwamba si mkosi wa mtu mmoja, hesabu. Supamaketi ya Kenya inayoitwa Uchumi walifunga maduka yao ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt tumemzika hapo juu. Shoprite waliotuuza sisi wakaenda kujaribu bahati Kenya mwisho wa 2018, wakafungasha mapema 2021. Wenye Game, lile duka kubwa la Mlimani City, mwaka 2021 wakatangaza wanaachana na Afrika Mashariki. Kila mmoja alikuja na ripoti kwamba tabaka la kati linakua. Sijui hilo tabaka la kati walilipimia wapi, labda walisimama paking saa moja na nusu asubuhi wakahesabu Land Cruiser za kampuni kama gari za wenyeji.

Mimi naona walishindwa na mangi. Mangi wa mtaani kwangu, duka lake lina upana wa mlango na dirisha lenye nondo, anafungua saa kumi na moja asubuhi na kufunga ukimaliza kugonga. Anakuuzia mafuta ya kupima kwenye kikombe, sukari robo, kiberiti kimoja, pempasi moja (moja! kwa usiku huu tu), na mwisho wa mwezi ukikwama kuna daftari. Supamaketi inakwambia nunua lita tano upate ofa, sasa mtu anayelipwa kwa siku ofa ya lita tano ataifanyia nini. Mangi anajua mama yako anaumwa kisukari na ataanza kukuuliza hiyo soda ni ya nani. Na mboga ni Kilombero, na nguo ni mtumba, nyama ni buchani kwa mtu anayejua unataka mfupa gani. Ukiondoa hivyo vyote supamaketi inabaki na jibini, shampuu na baridi. Baridi tuliipenda sana lakini hailiwi.

Turudi TFA ya leo, maana hii ni rivyu, sio tanzia.

Kwanza msiende mkitegemea kukuta lile jitu moja la kununulia kila kitu kama zamani. Maduka yanabadilika, kuna fremu nilizoona zikibadilisha kazi mara tatu, na nimeacha kukariri. Uzuri mkubwa uliobaki ni ule uleule wa mwanzo, mahali lilipo. Ukiwa na gari na unataka kwenda Kilombero usithubutu kuliingiza sokoni, utatoka na kioo kimoja na mikwaruzo ya matoroli ya viazi, acha kwenye paking ya maana kisha tembea. Ukiwa na miadi na mtu msiyejuana, ya kuuziana simu au kukabidhiana nyaraka, ni sehemu ya wazi, ina watu, ina walinzi, na hakuna asiyeijua (mradi useme Shoprite). Kahawa ya kukaa unapata maeneo yale, na kwa mji unaozungukwa na mibuni kuanzia Meru mpaka Karatu ni aibu kwamba kuna sehemu nyingi bado wanakuletea maji ya moto na kopo. Asubuhi ndio muda wangu, kabla ya saa tatu, hewa bado ina ubaridi wa mlimani na Meru mwenyewe hajajifunika mawingu, unaweza ukakaa na kikombe chako ukaangalia magari ya safari yakielekea magharibi.

Nisichokipenda. Vivuli hakuna vya kutosha, watoto wakichoka hakuna pa kuwaweka, na wale vijana wa bangili na batiki mjini wakikuona na mgeni mweupe hata kama ni mkwe wako watakufuata mpaka mkosane. Mimi huwa nawasalimia kwa kichuga wananiacha, ila mgeni wako jiandae.

Wengine watasema si uende kwingine tu. Kweli kwingine kupo. Njiro Complex ilituletea sinema, Sable Square iko kule njia ya Kisongo ukitaka utulivu na majani yaliyokatwa, AIM Mall ina ghorofa na ule umall wenyewe watu wanaoutaka. Nimezunguka zote, na kila moja ina siku yake ya kupendeza. Kitu ninachowashauri tu kuhusu fremu za kwenye mall, yoyote ile, popote pale Tanzania, ni kwamba ukinunua kitu chenye waranti usiangalie uzuri wa kioo cha duka. Nilinunua blenda kwenye duka moja lililojaa taa za buluu, mji siutaji na duka silitaji, waranti mwaka mzima, kijana ana tai. Wiki ya tatu blenda ikaanza kutoa harufu ya nywele zinazoungua. Nikairudisha kwenye boksi lake, na ile styrofomu yake, na risiti. Nafika nakuta kioo kimebandikwa magazeti kwa ndani na karatasi ya A4 imeandikwa TUMEHAMA kwa kalamu ya maka, chini namba ya simu. Wamehamia wapi hawakuandika. Napiga, namba unayopiga haipatikani. Mlinzi akaniangalia na boksi langu akasema, "Kaka, wewe ni wa sita leo." Blenda hiyo alikuja kuitengeneza fundi wa pale mtaani, pembeni ya mangi, kwa hela ya supu na chapati mbili, na mpaka leo inasaga.

Nyota nawapa tatu kati ya tano TFA. Moja ya eneo, moja ya paking, na moja ya zile stika za maepo, hiyo ya tatu najua haihesabiki lakini rivyu ni yangu. Ingekuwa 2008 ningetoa tano na ningeandika kwa herufi kubwa. Saizi AFCON ya 2027 inakuja, uwanja unajengwa Olmoti, mji umejaa tena watu wenye ramani za majengo mkononi, na nasikia kila mtu anajenga mall. Haya. Wakipata muda wapite Kilombero waangalie sado inavyojazwa, wale akina mama hawajahama wakati wote huo, na hakuna aliyewahi kuwaletea kiyoyozi.

Kuhusu ule mfuko. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima, tukapekua nyumba tunatoa marambo yote, jikoni, nyuma ya mlango, juu ya kabati. Nikainua godoro la mama nikaukuta, wa njano, umekunjwa pembe nne, maandishi mekundu yamechakaa kwenye mikunjo. Ndani kuna hati ya kiwanja cha Kisongo, vyeti vyetu vya kuzaliwa, kadi yangu ya kliniki, na ile risiti, imeshafutika haisomeki kitu, karatasi nyeupe tu. Nikamwambia mama huu nao unatakiwa kutoka, kuna faini. Akaniangalia.

"Waambie waje wauchukue wenyewe," akasema. "Hapa nilipo."

Akauchukua mkononi mwangu, akaukunja upya, akaurudisha.